Niliishinda Njaa, Ulimi Ukanishinda

Jai Shri Krishna, ndugu zangu! Na ninyi mnaosema Bwana asifiwe, na asifiwe kweli kweli! Na ninyi wa Salaam aleikum, amani iwe juu yenu pia, maana nimewatukana wote bila kubagua dini.

Mimi naitwa Savita, mke wa fundi saa wa hapa Moshi mjini, mama wa Kusum na wa huyu mdogo ninayemnyonyesha sasa hivi huku naandika. Ni wa dini ya Kihindu, wale mnaotuita Mabaniani. Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kigujarati, kwa sababu matusi yangu mengi niliyatoa kwa Kiswahili. Waliotukanwa walisikia vizuri. Basi na toba yangu waisikie vizuri.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke mwenye hasira. Sisemi hasira ya mara moja moja, ile ya mtu akikanyagwa kidole. Nilikuwa naamka nayo. Maji yakichelewa kuchemka, hasira. Dobi akileta shuka lenye doa, hasira. Mume wangu akipiga mluzi huku anafungua saa za watu, hasira, kwa nini ana furaha na mimi sina? Baba yangu alinisomesha mpaka sekondari wakati wenzangu wanafundishwa kusukuma chapati, na elimu ile yote niliitumia kutukana kwa mpangilio. Niliweza kumtukana mtu kwa hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwisho nikampa muhtasari.

Tena nilikuwa mcha Mungu! Hapo ndipo penye aibu yangu.

Kwetu sisi, siku ya kumi na moja tangu mwezi kuandama, na ya kumi na moja tangu mwezi kuwa mpevu, hatuli nafaka. Siku hiyo tunaiita Ekadashi. Wali hapana, chapati hapana, dengu hapana. Lakini viazi ruksa, karanga ruksa, maziwa ruksa, na ndizi mbivu ruksa. Sasa mnazijua ndizi za mlima huu! Kuna akina mama wa kwetu ambao siku ya Ekadashi hukaanga viazi kwa samli mpaka mtaa mzima unanusa jinsi wanavyomwogopa Mungu.

Mimi niliwadharau hao. Wakila ndizi mbili, mimi nilikula moja. Wakila moja, mimi nilikunywa maji peke yake. Halafu nilihakikisha wameniona. Hekaluni nilikaa mbele, nimekonda, midomo imekauka, nikasikia wakinong'ona, "Tazameni mke wa fundi saa, bado msichana mdogo hivi lakini ana nguvu ya moyo." Ndugu zangu, maneno hayo yalikuwa matamu kuliko viazi vyote vya samli! Kujinyima kwa ajili ya Mungu tunakuita tapa. Mimi nilikuwa nakula sifa kutwa, nikasema nafanya tapa.

Na njaa ile ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa watu wa nyumbani kwangu. Siku za kufunga ndizo nilizopiga kelele zaidi. Mume wangu alizijua tarehe hizo kuliko kuhani wa hekalu. Asubuhi ya Ekadashi alikuwa anafungua duka mapema kabisa, hata kabla ya wafagiaji, anasema ana saa nyingi za kutengeneza. Hana lolote. Alikuwa ananikimbia.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Mwishoni mwa masika kuna Ekadashi moja iliyo ngumu kuliko zote. Siku hiyo hata maji hatunywi, tangu jua kuchomoza mpaka linapochomoza tena. Niliingojea siku hiyo kama wengine wanavyongojea harusi. Nilioga alfajiri, nikapiga deki jiko langu mara mbili. Jiko letu ni mahali patakatifu, ndugu zangu. Mtu ambaye hajaoga haingii. Mtu wa viatu haingii. Na mtu asiye wa kwetu haingii kabisa, hata awe nani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Niliteleka sufuria kubwa ya maziwa kwa ajili ya kufungulia kesho yake. Sisi tunapika tumekaa chini, kwa hiyo sufuria ilikuwa karibu na sakafu. Nikaenda chumba cha pili, mbele ya picha ya Bwana Krishna, nikashika shanga zangu kutaja jina lake mara mia na nane. Mtoto wangu Kusum, wakati huo ana miaka minne, alikuwa anacheza mlangoni mwa jiko.

Nilimsikia akiita, "Mama! Mama!" Nilikuwa nimefika sabini na tatu. Ukigeuka kusema na mtu hesabu imeharibika, unaanza upya. Akaita tena. Sikugeuka. Mungu anisamehe, sikugeuka! Sabini na nne. Sabini na tano.

Nyuma ya nyumba alikuwa amesimama Mama Aloisi. Huyu ni mama wa Kichaga kutoka Uru, Mkristo wa misheni, aliyekuwa anashuka na maziwa yake kila asubuhi kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Miaka minne alituletea maziwa. Kusum amekua kwa maziwa yake. Na miaka yote minne alisimama nje ya mlango wa nyuma, nikachukua kopo, nikarudisha kopo, nikafunga mlango.

Kutoka pale mlangoni alimwona Kusum ameinama juu ya jiko, ameshika kitambaa cha kushikia kilichonasa ukingoni mwa sufuria, anakivuta. Mama Aloisi hakuita mtu. Aliingia. Aliingia mbio na miguu yake yenye tope la njia ya Uru, akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja, sufuria ikapinduka, maziwa yanayochemka yakamwagikia mkono wake wa pili kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Mimi nilitoka niliposikia mlio wa sufuria. Na unajua nilichoona kwanza, ndugu yangu? Sikuona mtoto. Sikuona mkono. Niliona nyayo za tope kwenye sakafu yangu.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka jikoni kwangu! Umelitia najisi! Nani kakuruhusu kuingia, mshenzi wewe? Siku kama ya leo! Siku takatifu kama ya leo!"

Nilichukua kopo lake la maziwa nikalitupa uani. Nilisema mengine ambayo siwezi kuyaandika, maana yatachafua karatasi. Mama Aloisi alimweka Kusum chini polepole, akamtazama miguu, akamtazama uso. Kisha akaniambia maneno haya tu:

"Mtoto hajaungua, mama."

Akaokota kopo lake akaenda zake, ameushika ule mkono kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake. Hakurudi kesho yake. Hakurudi tena.

Na Kusum akanyamaza.

Mwanzoni sikujua. Nilidhani ana mafua. Lakini niliposimama nje ya chumba nilimsikia akizungumza na bibi yake, mama wa mume wangu, ambaye sote tunamwita Ba. Nilipoingia, kimya. Nilimsikia akimnong'oneza baba yake dukani katikati ya saa zile zote zinazogonga. Nilipotokea, kimya. Nikimuuliza unataka maziwa, unataka ndizi, anatikisa kichwa au anaitikia kwa kichwa, macho chini. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe, ana ulimi kwa dunia nzima isipokuwa kwangu!

Nilifanya nini? Ndugu zangu, nicheke au nilie? Niliongeza kufunga! Nilimwambia Mungu: nipe sauti ya mtoto wangu, nitakula mara moja kwa siku. Sauti haikuja. Nitalala sakafuni bila godoro. Haikuja. Nikazidi kukonda, nikazidi kuwa na njaa, nikazidi kupiga kelele, na mtoto akazidi kujificha nyuma ya sari ya bibi yake. Nilimkasirikia hata Mungu. Nilimwambia waziwazi, mimi nimelipa, na wewe je?

Ba ni mjane, mtu wa maneno machache. Tangu nimeolewa hakuwahi kunikaripia. Jioni moja nilikuwa nimekaa chini nasukuma sahani yangu kando, nasema sitakula hata hicho kidogo. Akaja akakaa mbele yangu.

"Savita, mwanangu," akasema, "tumbo lako limemkosea nani?"

Nikasema, "Sijaelewa, Ba."

"Nauliza. Tumbo lako limemtukana mtu? Limemtupia mtu kopo? Mbona unaliadhibu kila siku, maskini, halina kosa?" Kisha akanyoosha kidole, akanigusa midomo. "Mkosaji yuko hapa. Huyu umemwacha huru, anatembea atakavyo."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na hoja tatu tayari. Akaniwekea kidole tena.

Akanieleza kwamba kujinyima kuko kwa namna nyingi. Kuna kwa mwili, kuna kwa moyo, na kuna kwa maneno, na kwamba mimi nilichagua kule rahisi. Rahisi! Mimi niliyekaa bila maji! Niliona ananitukana. Lakini usiku ule nililala nikiliwaza neno hilo, rahisi, na asubuhi nikajua ni kweli. Kuacha chakula kwangu kulikuwa rahisi. Kuacha neno moja kali lipite bila kulisema, sikuwahi hata siku moja.

Zilikuwa zimebaki siku chache ianze ile miezi minne ambayo kwetu tunasema Bwana Vishnu amelala. Katika miezi hiyo kila mtu huchagua kitu cha kujinyima. Wengine huacha bilinganya, wengine sukari. Ba akaniambia, "Wewe kula. Kula kama watu. Lakini tangu unapoamka mpaka saa sita mchana usiseme neno."

Hilo kwetu linaitwa maun. Nikakubali, kwa kiburi tena. Nilisema, miezi minne tu? Nitaimaliza!

Siku ya kwanza niliona nitapasuka. Nyumba yetu, ambayo mbele yake ndiyo duka, ina saa za ukutani kumi na nane za wateja, na hakuna mbili zinazokubaliana. Nilianza kuitazama ile inayokwenda mbele kuliko zote. Ilipogonga sita nikafungua kinywa, Ba akatikisa kichwa akaonyesha uani, pale ulipo mrihani wetu mtakatifu, mtulasi. "Saa sita ni kivuli cha mti kinapoisha," akasema. "Saa za mwanangu ni za wazungu na wakulima wa kahawa." Nikarudi kukaa.

Siku ya pili nilichukua ubao wa mtoto na chaki. Nilimwandikia mume wangu: FUNDI WA BOMBA NI MJINGA NA WEWE ULIYEMWITA NI MJINGA ZAIDI. Mume wangu alisoma, akacheka mpaka kioo chake cha jicho kikaanguka. Ba akachukua ubao. Basi nikaanza kugonga sufuria. Ba akasema, "Sufuria nazo zinatukana. Ziweke taratibu."

Mtaa nao ukanitania. Upande wa pili wa ukuta wetu anakaa Bi Zuhura, mshonaji, Mwislamu, mwenye ulimi mkali kama mkasi wake. Siku ya nne akaja mlangoni.

"Savita, shoga yangu, umekufa humo ndani? Mimi naamka kwa matusi yako! Leo alfajiri imenipita, nimesali jua limetoka. Mwambie Mungu wako anarudisha nyuma dini ya wenzake!"

Nilikuwa na jibu, ndugu zangu, jibu zuri sana. Nikalimeza. Lilishuka kama mfupa.

Lakini jambo lilianza kutokea. Nilipokuwa nasema, nilikuwa sisikii. Sasa nilisikia. Nilisikia kwamba mluzi wa mume wangu ni wimbo wa ibada aliofundishwa na marehemu baba yake. Nilisikia kwamba dobi anakohoa sana. Na asubuhi moja, mwezi wa pili, wingu limeufunika mlima wote na baridi imeshika, nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wa jiko nachambua mchele, nikamsikia Kusum uani. Alikuwa na mwanasesere wake wa kitambaa, na kijiti. Alikuwa anacheza.

"Toka jikoni kwangu!" alimwambia yule mwanasesere. "Najisi wewe! Mshenzi wewe! Siku kama ya leo!"

Sauti yangu. Sauti yangu yenyewe, kwenye koo la mtoto wa miaka minne. Hata pale ninapovuta pumzi katikati, aliweka.

Kisha akamlaza mwanasesere chini, akampuliza mkono. Akampuliza sana. "Pole," akasema. "Pole, Mama Aloisi."

Ndugu zangu, kama ningekuwa na ruhusa ya kusema, ningepiga kelele: acha! Usiseme hivyo! Ningemkaripia mtoto kwa dhambi yangu. Lakini kinywa kilikuwa na ahadi. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Kusum akaniona, akakauka, macho kwenye kijiti, akingojea. Nami nikakaa tu. Machozi yalikuwa yanatoka yenyewe. Alingoja sana, mpaka akaona hakuna kinachokuja. Halafu akasogea, ngazi moja, akaketi. Hakusema neno. Lakini aliniwekea mwanasesere mapajani.

Mchana ule, kivuli kilipoisha, nilikwenda kwa Bi Zuhura nikamuuliza Mama Aloisi anakaa wapi. Bi Zuhura anamjua kila mtu, maana amewashonea nusu ya wanawake wa Uru.

"Unakwenda kufanya nini?" akaniuliza.

"Kuomba msamaha."

Akaweka kitambaa chini. "Wewe? Kwa hicho Kiswahili chako cha shule, na shingo imenyooka hivyo? Atadhani umeleta barua ya serikali. Sikiliza. Wachaga wana jani lao, sale, lile wanalolipanda kwenye mipaka ya shamba. Mtu akimkosea mwenzake vibaya, analifunga fundo, anampelekea. Akipelekewa sale, ni vigumu sana akatae. Chukua hilo, Savita. Maneno yako yamekwisha kufanya kazi yao."

Kesho yake, jani nimekwisha lipata kwa msaada wa Bi Zuhura, nilipanga nitoke saa nne na mtoto, tupande polepole kwa miguu, tufike baada ya saa sita kinywa kikiwa huru. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima. Lakini tulipofika barabarani, Bi Zuhura aliyetusindikiza akaliona lori linalokwenda kuchukua kahawa, akampigia dereva kelele, "Simama wewe! Mpakie huyu mama na mtoto, mpaka Uru!" Sikuweza kukataa, maana kukataa kunataka mdomo. Tukapakiwa. Saa tano haijafika, nimeshushwa migombani Uru, mbele ya nyumba ya Mama Aloisi, bubu kama jiwe, na jani mkononi.

Alikuwa anamenya ndizi za kupika. Aliinua macho. Mkono wake, kuanzia kiwiko, ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu na laini, inang'aa.

"Ni wewe," akasema. "Umefuata nini? Maziwa? Siuzi tena mjini."

Mimi kimya.

"Au ulisahau tusi moja, umenifuata nalo mpaka kwangu?"

Kimya. Nikaona uso wake unabadilika, nikajua anaona kiburi: Mhindi amepanda mpaka Uru, anasimama uani kwa mtu, hata hodi haitoki! Nikasema moyoni, Mungu atanisamehe, naivunja ahadi, hili ni kubwa kuliko ahadi. Nikafungua kinywa. Na ndugu zangu, nawaambia ukweli mtupu: neno la kwanza nililolikuta kwenye ulimi lilikuwa "lakini". Lakini siku ile nilikuwa na kiu. Lakini na wewe uliingia na tope. Lakini kwetu desturi. Nikalionja neno lile, nikaogopa. Nikafunga kinywa, nikanyoosha jani. Nilikuwa nimelifunga vibaya, fundo linafunguka lenyewe.

Mama Aloisi akalitazama jani. Hakulipokea.

Ndipo Kusum akaachia sari yangu.

"Mama hasemi mpaka saa sita," akasema. Kwa sauti! Mbele yangu! "Ba amemkataza. Mama Aloisi, mkono unauma bado? Mama anasema samahani. Analia kila siku akidhani sioni."

Asifiwe Mungu! Asifiwe kwa majina yake yote! Siku sitini na zaidi, na sauti ya kwanza ya mtoto wangu mbele yangu ilikuwa ya kuniombea msamaha!

Mama Aloisi akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Hasemi mpaka saa sita?" akauliza. "Hata nikimwambia nini?"

"Hata ukimwambia nini," akasema Kusum.

Yule mama akalipokea jani. Akalifungua fundo langu bovu, akalifunga upya vizuri, akaliweka juu ya kizingiti cha mlango. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu.

"Keti," akaniambia. "Tuna muda."

Akanisema! Saa nzima na zaidi, huku anamenya ndizi. Akaniambia kuhusu miaka minne ya kusimama kwenye mvua nje ya mlango wangu. Akaniambia kuhusu usiku ule mkono ulipovimba na mumewe akataka kushuka mjini na panga, akamzuia. Akaniambia kwamba ng'ombe wake ni msafi kuliko kinywa changu. Akanena jinsi nilivyokuwa nikipokea kopo kwa ncha za vidole. Lolote nililotaka kulijibu, sikuwa na njia. Nilibaki na kazi moja tu, kusikia. Nimefunga Ekadashi ngapi bila maji? Zote ukiziweka pamoja hazifiki nusu ya ule ugumu. Na zote ukiziweka pamoja hazikunisafisha kama saa ile moja kwenye kigoda cha Mama Aloisi.

Kisha kengele ya misheni ikagonga saa sita. Mama Aloisi akaacha kisu, akafanya ishara ya msalaba, akasali sala yake fupi. Alipomaliza akanitazama.

"Haya," akasema. "Sasa sema."

Hotuba yote ilikuwa imeniishia. Nilikumbuka jambo moja. Huyu mama ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitano, amenilishia mtoto miaka minne, na sikuwahi hata siku moja kumwamkia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akapangusa mikono kwenye kanga yake.

"Marahaba, Mama Kusum," akasema. Akachuma ndizi mbivu mbili kutoka kwenye mkungu uliokuwa ukutani, akampa mtoto moja, akanipa mimi moja kwa ule mkono ulioungua. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaila pale pale. Sikuuliza ni siku gani ya mwezi.

Ndugu zangu, leo Mama Aloisi akija mjini hasimami nje. Ananawa miguu bombani kama sisi sote, anaingia jikoni, anakaa chini, ananikosoa ninavyochemsha maziwa. Wapo akina mama wa hekaluni waliosema jiko langu limeharibika na hawatakula kwangu. Sawa. Viazi vimebaki vingi, tunakula sisi.

Hasira sijamaliza, msije mkadhani nimekuwa malaika. Hata juzi nilimfokea mume wangu, ilikuwa saa sita na dakika tano, na Kusum akasema, "Mama alikuwa anangojea." Huyo Kusum sasa hanyamazi! Anazungumza tangu macho yanafunguka mpaka yanafumba. Anatupigia kelele wote, anamfundisha kuhani namna ya kupiga kengele. Nami asubuhi nakaa kimya nasikia hiyo sauti, nachambua mchele wangu, nimeshiba. Ile miezi minne iliisha, Bwana Vishnu akaamka, lakini mimi sikuacha. Mwaka wa pili sasa.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Namshukuru Ba, ambaye hakunihurumia. Nakushukuru, Mama Aloisi, na usomewe barua hii na mwanao, neno kwa neno, mbele ya majirani.

Nanyi mnaosoma, uwe Mhindu, uwe Mkristo wa Kwaresima, uwe Mwislamu wa Ramadhani, nakuomba umtumaini Mungu katika hili dogo. Njaa yako weka kando kwanza, yeye haihitaji. Mpe asubuhi moja ya ulimi wako, tangu unapoamka mpaka saa sita. Ukitaka kusema "lakini", meza. Kaa karibu na wale wanaokuogopa, ukae kimya, ungoje wasogee. Kisha njoo dukani kwa fundi saa, mlango wa nyuma uko wazi, uniambie umesikia nini.